Kinu Kitupu Mbele ya Geti la Mjomba

Siku tuliyomzika mjomba wangu, mtu mmoja mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alikuwa baba wa mayatima. "Hata yule binti wa kaskazini," alisema, "aliyekimbia vita, marehemu alimchukua akamlea kama damu yake." Wazee wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake, sahani ya pilau mapajani, tonge mdomoni. Nikalitemea kiganjani. Mama, aliyekuwa pembeni yangu, akanifinya paja.

"Si leo," akaninong'oneza. "Maiti hajibu."

Ni kweli, maiti hajibu. Lakini walio hai wanamjibia, na wanamjibia kwa uongo, na uongo ukishapakuliwa pamoja na pilau ya matanga watu huushushia na maji wakauita historia. Mimi nilikuwepo. Nilimwona yule binti. Nilimwona bibi yangu akipandisha kinu mlima wa Mbuya ili amtoe. Naandika nikiwa na hasira, na sina nia ya kungoja ipoe.

Tulikuwa tunakaa Nakawa, nyuma ya soko, katika vyumba viwili: mama yangu, mimi, na mama yake mama, ambaye kwa Kinubi tulimwita haboba, yaani bibi. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliingia Uganda kutoka Sudan wakiwa askari wa Wazungu, na mpaka leo mtu akitaka kutusifu au kututukana huanzia kwenye bunduki. Miaka ile, baada ya vita kuleta serikali mpya, watu wetu walikuwa wanarudi kutoka uhamishoni mmoja mmoja, wakipita kando ya kuta. Sokoni tulijifunza kusema Kiganda kwa haraka na Kiswahili kwa sauti ya chini, kwa sababu masikioni mwa majirani Kiswahili kilikuwa bado kinanuka kambi za jeshi.

Vita vilipopita nyumbani kwetu vilichukua mabati. Vilichukua godoro, cherehani, hata mlango pamoja na bawaba zake. Kinu kiliachwa. Nani ataiba kinu chenye ufa? Kilikuwa kimepasuka kuanzia mdomoni hadi kiunoni na kufungwa waya uliokaza mpaka ukazama ndani ya mti. Mjomba ndiye aliyetupigia bati jipya. Alikuwa na lori. Alikuwa anapakia mizigo Port Bell, pale mabehewa yanaposhushwa kutoka kwenye meli, na kuipeleka mbali, hadi kaskazini kulikokuwa bado kunawaka. Katika ukoo wetu yeye ndiye mtu pekee ambaye amani ilimkuta na magurudumu. Kwa hiyo tulimpenda, au tulifanya yote ambayo watu hufanya wakipenda.

Kile kinu kilikuwa cha mama yake haboba. Hadithi yake haikusimuliwa mbele ya wanaume.

Alikamatwa akiwa mtoto, upande wa Bunyoro, katika vita ambavyo babu zetu askari walipigana kwa amri ya wakubwa wao. Wanaume wetu wakisimulia vita hivyo, huwa na bendera na nishani. Haboba akivisimulia, vilikuwa na mtoto aliyejificha ndani ya ghala la mtama, akavutwa nje kwa mguu. Shawishi mmoja, yaani sajini wa kambi, alimpata kama mgawo wake, kama mwenzake alivyopata mbuzi. Akampeleka nyumbani, akampa kinu. Alitwanga kabla jua halijachomoza na alitwanga likishazama, na katikati alifanya kazi nyingine. Wazungu walikuwa wameshatangaza kwamba utumwa umekwisha. Tangazo halikufika jikoni.

Alitoroka, akarudishwa. Alitoroka tena, akarudishwa na kovu la mjeledi shavuni. Aliendelea kutoroka mpaka waliomrudisha wakachoka, na siku walipochoka akajenga kibanda pembeni mwa kambi, akatafuta gogo, akachimba kinu chake mwenyewe. Angeweza kukaa humo akatwanga chakula chake na kumshukuru Mungu. Lakini kila alfajiri alikuwa anasikia vinu vya kambi, na alijua ni vipi vinavyotwangwa na wake na ni vipi vinavyotwangwa na watumwa, kwa sababu mke hupumzika akaongea na jirani, na mtumwa hapumziki.

Ndipo akaanza. Alikuwa anabeba kinu chake kichwani, anakwenda hadi mlangoni mwa bwana anayemshikilia msichana wa watu, anakitua, anatwanga. Ndani hamna kitu. Kinu chenye nafaka kina sauti nzito, ya tumbo. Kinu kitupu hulia kama mfupa. Kwa watu wetu kutwanga kinu kitupu ni nuksi. Haboba alitucharaza viboko tukijaribu kwa mchezo. Maana yake ni kwamba nyumba hii inakula kisichokuwa chake. Kambi nzima ilisikia, ikajua ni mlango wa nani. Wanawake wengine waliotoroka walikuja kusimama nyuma yake wawe mashahidi. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alitwanga, na baina ya mapigo alitaja jina la yule msichana na mahali alikotekwa. Siku nyingine bwana alivumilia mpaka jioni, na siku nyingine hadi keshokutwa. Wengi hatimaye walifungua mlango, kwa sababu askari anaweza kustahimili risasi lakini hawezi kustahimili kuchekwa na wake wa wenzake.

Lakini mabwana nao waligundua dawa. Kinu kikishatiwa nafaka lazima kitwangwe. Kuimwaga ni laana, na aliyetiliwa amejibiwa. Basi wenye akili miongoni mwao walikuwa wanatoka na mtama, wanautia ndani ya kinu, wanarudi zao ndani. Mashahidi wanasema, "Amejibu," wanatawanyika. Naye mama yake haboba, aliyevutwa mguu kutoka ghalani, aliyejua njaa kwa jina lake, hakuweza kumwaga mtama. Alitwanga huku analia, na msichana akabaki.

"Wale waliobaki," haboba alikuwa ananiambia, "mama yangu aliwataja kila sala. Waliotoka hakuwataja. Alisema waliotoka wana midomo yao."

Sasa nije kwenye Idi.

Tulipanda Mbuya kusherehekea kwa mjomba, kama kawaida. Nyumba yake ilikuwa na geti la chuma na kibaraza ambapo ungeweza kuona ziwa, na chini kule Luzira kuta za gereza. Msichana alikuja na birika na beseni kutunawisha mikono. Alikuwa wa umri wangu, umri wa sekondari, mrefu, mwenye shingo iliyoinama kama aliyezoea milango mifupi. Tulikuwa tumemwona siku nyingine. Tulimwita "yule wa jikoni". Haboba alinyoosha mikono yake, maji yakamwagika, na akamwuliza lile swali ambalo wazee wetu humwuliza kila kijana:

"Wewe mtoto wa nani?"

Msichana alimtazama mke wa mjomba.

Ni hilo tu. Hakulia. Hakusema lolote baya. Kabla ya kujibu yeye ni mtoto wa nani, aligeuza macho kutafuta ruhusa usoni mwa mtu mwingine. Mke wa mjomba akacheka, akajibu yeye: "Ah, huyu ni wetu, mama. Nawa, chakula kinapoa."

Haboba akaivuta mikono yake, haijakauka, akaifuta kwenye gauni. Hakula. Alisema tumbo linamsumbua.

Mimi nilikwenda jikoni na vyombo, na huko yule msichana akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota, huku anasugua sufuria:

"Ile nyumba kubwa pale chini, karibu na maji, ndio Luzira?"

"Ndiyo. Gereza."

"Wasichana nakaa upande gani?"

"Wasichana gani?"

"Wale natoka kwa geti bila ruhusa."

Nilimwambia hakuna mtu anayefungwa kwa kutoka kwenye geti. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa mjini asiyejua moto unachoma. Mama mwenye nyumba alimwonyesha zile kuta wiki aliyofika, alisema. Alimsimamisha barazani akamwonyesha kwa kidole. Aliletwa kwenye lori, juu ya magunia; mjomba alimwambia baba yake atamtia shule. Amekaa misimu mingi, akamwona mtoto wa mwisho wa nyumba ile akizaliwa na kuanza kutembea. Shule hajaiona. Mshahara hajui unafananaje. Akivunja kikombe analala nje.

"Mimi hapana jua njia," alisema. "Ningejua, hata hiyo Luzira ningepita."

Nilipotoka nililitazama geti. Halikuwa na kufuli. Hata komeo lilikuwa limeshika kutu kwa kutotumika. Hilo ndilo lililonichoma na linanichoma hadi sasa. Walikuwa wamemfunga kwa jengo la serikali lililo mbali, bila kutumia hata kufuli la dukani.

Njiani kurudi, haboba alikuwa anatembea mbele, haraka kuliko umri wake.

"Mama, ni mfanyakazi wa nyumbani tu," mama yangu alisema nyuma yake. "Mji mzima unao."

"Nani anamlipa?"

"Anakula, anavaa."

"Ng'ombe pia anakula."

"Mama, yule ni mwanao."

"Najua ni mwanangu!" Haboba alisimama katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi, hakusogea. "Angekuwa wa mtu mwingine ningekuwa nimeshalala."

Kwanza alimwita. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu matangani wapo walionong'ona kwamba kikongwe alimvamia mwanawe. Alimwita kwa heshima, akampikia, akamsubiri ale. Walizungumza kwa Kinubi. Nayaandika kwa Kiswahili, lakini kwa Kinubi yalikwaruza zaidi.

"Mrudishe kwao, mwanangu. Au mlipe, awe na njia ya kuondoka akitaka."

"Kwao kunaungua, mama. Mimi nilimwokoa. Ungependa atekwe na waasi?"

"Kwa hiyo ukawatangulia."

Mjomba aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu wa maneno laini. Hata akiwa na hasira sauti yake ilikuwa ya mtu anayekukaribisha. "Mama. Mwezi ujao wanataka kuniingiza kwenye kamati ya msikiti. Watu wetu wanaanza kuinua kichwa. Unataka waseme nini? Kwamba mjukuu wa mtumwa anafuga watumwa?"

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa na mwanamume ndani ya nyumba yetu. Kumbe alijua. Muda wote alijua hadithi ya kinu, na mjeledi, na ghala la mtama. Nilikuwa nimejidanganya kwamba anafanya vile kwa kutojua, kwamba mtu akiambiwa bibi yake alikuwa nani ataona haya. Alikuwa ameambiwa. Alichokuwa amejifunza ni kwamba katika dunia kuna anayetwanga na anayetwangiwa, na kwamba ukoo wetu ulikuwa umepata shida kubwa kuvuka upande.

"Sisi ni wana wa askari," alisema akiinuka. "Hayo ya mama yako yazikwe naye." Akatazama juu, akaligonga bati letu kwa fimbo yake, mara moja, taratibu. "Na hili bati lisikusahaulishe nani amelipiga."

Haboba alimsindikiza hadi nje, akamwombea dua ya safari. Kisha akarudi ndani, akakigeuza kinu kilichokuwa kimefunikwa kama kigoda, akaanza kukiosha.

Jirani yetu alikuwa Mkenya mmoja, Mkristo, muuza vitunguu, mwenye mkokoteni. Asubuhi iliyofuata haboba alimwomba ampandishie kinu Mbuya.

"Kwani mnahama, mama mzee?"

"Naenda kumwamsha mwanangu."

"Na kinu? Wallahi wengine hununua saa ya kengele." Alikuwa anapenda kutumia "wallahi" ili atuchekeshe. Lakini alipoona uso wake akaacha mzaha, akashusha vitunguu vyote, akafunga kinu na mchi kwa kamba ya mpira. Hakutaka malipo. Alisema tu, "Huko juu kama kuna vita, mimi nitasimama kwa mkokoteni."

Vikongwe wawili wa Kinubi, marafiki wa haboba, walikuja na mitandio yao myeupe. Hawakuhitaji kuelezwa, waliona kinu hakina kitu na wakafuata. Mama alibaki mlangoni amekunja mikono. "Mimi siendi kumwaibisha kaka yangu. Akitung'olea bati tutalala wapi?" Tulipofika kwenye barabara kubwa nikasikia kandambili zinapiga nyuma yetu. Alikuwa anatukimbilia, anatulaani sote, ameshika chupa ya maji ya haboba.

Kinu kilitua mbele ya geti. Haboba alivua viatu, akapanua miguu kama wafanyavyo wanawake wanaotwanga, akainua mchi.

Ko.

Sijui kuieleza sauti ile kwa mtu ambaye hakuisikia. Haikuwa kubwa, ila ilikuwa na utupu ndani yake. Mbwa wa jirani aliacha kubweka. Ko. Ko. Baina ya pigo na pigo haboba alikuwa anasema, si kwa kelele, kama anayehesabu tasbihi: "Msichana wa kaskazini. Jina lake sijaambiwa. Alitolewa kwa baba yake kwa ahadi ya shule." Ko. "Msichana wa kaskazini. Jina lake sijaambiwa."

Milango ilianza kufunguliwa. Mama mmoja wa Kiganda alitoka na kitambaa kichwani na mtoto mgongoni, anatabasamu: "Nnyabo, reo kuna harusi kwa Hajji? Mbona hamkutualika?" Alipochungulia ndani ya kinu, tabasamu likamtoka. "Banange. Nanyi munatwanga nini?"

"Tunatwanga alichomlipa huyo mtoto," akajibu kikongwe mmoja.

Yule mama akasema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta: "Eh! Yule mwenye kulala nje na mvua? Sisi tunamwona kila siku." Na wenzake wakasema nao wanamwona. Nakumbuka hasira yangu ikigeuka na kuwatazama wao pia. Kila siku! Kilima kizima kilikuwa kinamwona. Kulihitajika kikongwe na gogo lenye ufa ili macho yao yawe na midomo.

Mjomba alitoka amevaa singleti na kikoi, mswaki bado mkononi. Alitazama umati, akatazama kinu, na nikaona amekielewa. Hakuuliza.

"Mama, ingia ndani unywe chai."

Ko.

"Mama, unanivua nguo mbele ya watu."

"Nilikuvalisha mimi," haboba alisema. Ko.

Mke wa mjomba alikuwa nyuma yake kwenye kibaraza, analia kwa hasira. "Wachawi nyinyi! Wivu wa bati!" Mjomba alimnyamazisha kwa mkono. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini akili yake ilikuwa inafanya kazi. Niliiona ikifanya kazi. Ghafla uso wake ukatulia. Akawageukia wale vikongwe wawili na akawasalimia kwa adabu, mmoja mmoja, kama mtu anayewaita mahakimu. Alikuwa ameikumbuka dawa ya mabwana.

Akageuza kichwa kuelekea jikoni, akapaza sauti, sauti ile ile ya kila asubuhi: "Wewe! Lete mtama!"

Naamini hakufikiri. Hapo ndipo ninapomwona waziwazi kuliko mahali pengine popote, waziwazi kuliko alivyoelezwa na yule mtu wa kanzu. Katika nyumba ile kila kitu kililetwa na yule msichana: maji, viatu, chai, mtoto, fimbo ya kumpigia. Mjomba alihitaji mtama wa kuunyamazisha utumwa wake, na akamtuma mtumwa auchukue. Mkono wake mwenyewe haukuwa umewahi kufika ghalani. Hata mkewe hakushtuka.

Msichana alitoka amebeba beseni la mtama kichwani. Alikuja taratibu kwenye ua, akafika kwenye geti, akasita. Alitazama ule mstari pale ambapo saruji ya mjomba inakwisha na udongo wa barabara unaanza. Nyuma yetu, mbali, ziwa lilikuwa linang'aa na kuta za Luzira zilikuwa zinaonekana vizuri kabisa.

"Tia ndani ya kinu," mjomba alisema. "Tia, kisha rudi."

Alivuka. Haboba alikuwa ameusimamisha mchi. Nilijua anachokiogopa: mtama ukiingia atalazimika kuutwanga. Alikuwa bintiye mama yake. Hata yeye hakuwa na uwezo wa kumwaga chakula. Vikongwe wawili walikuwa tayari wamevuta mitandio yao, tayari kusema amejibu. Mama alikuwa ameshika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

Haboba hakutazama mtama. Alimtazama msichana usoni, akamwuliza tena:

"Wewe mtoto wa nani?"

Beseni liliyumba kidogo. Msichana hakugeuka kumtafuta mke wa mjomba, wala mjomba. Alimjibu haboba. Alitaja jina la baba yake. Alitaja la babu yake, na la mto ambao kwao wanachota maji, na mwisho, kama amelisahau likamrudia, alitaja la kwake. Lilikuwa jina refu, zuri, la lugha nisiyoijua, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kulisikia.

Kisha alilishusha beseni kutoka kichwani, akageuka nusu, na akamkabidhi mjomba.

Mjomba akalipokea. Ungefanyaje? Mtu akikunyooshea kitu kizito, mikono hupokea kabla ya kichwa kukataa. Mswaki ulimponyoka. Akabaki amesimama kwenye geti lake, singleti imelowa, amekumbatia beseni la mtama mbele ya majirani zake wote, kama mtu anayesubiri kuambiwa apeleke wapi. Mama wa Kiganda alicheka kwanza, kicheko kifupi cha puani. Halafu wote.

Kinu kilibaki kitupu. Hakuna aliyejibu.

"Twende," haboba alisema. Alivaa viatu vyake, akachukua vile vya ziada alivyokuwa amekuja navyo kwenye mfuko, ambavyo hata sisi hatukujua anavyo, akamvisha msichana kwa mikono yake, ameinama barabarani. Yule Mkenya alipakia kinu. Tulipoanza kuteremka tu, mjomba alipata sauti yake. Alipiga kelele: "Mnaniibia! Mama, mnaniibia!"

Mnaniibia. Mtu huibiwa mali. Hata leo, nikisikia watu wa vyeo wakisema kwenye redio kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani, ya Waarabu na Wazungu na minyororo kwenye picha, nasikia neno hilo moja likiteremka kilima cha Mbuya nyuma yetu. Hakusema "mnanichukulia binti yangu." Hakusema "mnanivunjia nyumba." Lugha ilimtoka ikiwa uchi.

Na lile bati, alituma watu wakaling'oa. Mama alikuwa amesema kweli. Tulilala chini ya turubai mpaka Mkenya na jamaa zake wa sokoni walipotuezekea kwa vipande vya madebe vilivyovuja kila mvua. Kamati ya msikiti ilimchukua mjomba kama ilivyopangwa; wanaume walisema ni ugomvi wa jikoni. Haboba hakuwahi kula tena kwake, na mwanawe hakuwahi kumwomba msamaha, na alipokufa haboba, yeye ndiye aliyesimama kutaja asili yake. Alianza na shawishi. Akamaliza na shawishi. Mwanamke aliyechimba kinu hakutajwa, wala siku ya mazishi ya mjomba mwenyewe hakutajwa, na yule mtu wa kanzu alituhubiria juu ya mayatima.

Msichana alikaa nasi hadi barabara ya kwao ilipopitika, kisha akapanda basi akiwa amekaa kwenye kiti, dirishani. Lakini ninachotaka kukiacha hapa ni asubuhi yake ya kwanza Nakawa.

Niliamka kwa sauti ya kinu, ile nzito, ya tumbo. Nilidhani ni yeye. Nilidhani ameamka kabla yetu kwa mazoea, na nikaruka kutoka kwenye mkeka nikiwa tayari kumnyang'anya mchi. Nje alikuwa haboba. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, anatwanga mtama wa uji, anahema, waya wa kinu unalia kila pigo. Nilitaka kumsaidia. Alinisukuma kwa kiwiko.

"Huyu mgeni ni wangu," alisema.

Ndani, msichana alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja nje ya shuka, mdomo wazi. Jua lilikuwa limeshapita dirisha na kumfika mgongoni. Soko lilikuwa limeshafunguka, wapakiaji wanatukanana, mtu anapiga honi. Katika nyumba yetu hakutwanga hata siku moja, na asubuhi ile hakuna aliyemwamsha.